Muuza Kaharabu wa Gdańsk

Cezary Wnuk alijaliwa kipaji kimoja tu: dharau. Tangu washuke treni Gdańsk asubuhi ile ya Novemba, hakuwa amepumzika. Kanisa lilikuwa ghala la matofali. Nyumba za rangi zilikuwa keki za harusi ya maskini. Supu ya mchana ilikuwa maji ya kuoshea vyombo, na alimwambia mhudumu hivyo huku akikwangua bakuli.

Mkewe, Lidia, alitembea nyuma yake. Dada yake Lidia ndiye aliyewashauri wasafiri wakapatane. Wapatane nini? Mtu anayekuita mbumbumbu mbele ya wageni hupatani naye. Unamtazama tu kisogo, unajiuliza ulipofuka lini.

Jioni ilipoingia, walishuka gatini kutafuta chenga za kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe. Mama yake Cezary huziloweka kwenye spiriti akachulia magoti.

"Uchawi wa vikongwe," alisema Cezary.

"Si ungemwambia mama hutaki kununua."

"Usifikiri sana, Lidka. Utaumwa kichwa."

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mto Motława, ukinuka makaa ya mawe na samaki wa moshi. Wauzaji walikuwa wanafunga vibanda. Lakini karibu na winchi kuu ya mbao iliyopakulia meli zamani, ngazi za mawe zilishuka hadi majini, na juu yake aliketi mwanamke mwenye kikapu cha kaharabu mapajani.

Mvua haikuwa imenyesha. Pindo la sketi yake lilikuwa linadondosha maji.

Ti... ti... ti...

"Plastiki hizi," alisema Cezary. Akachukua chenga moja, akawasha kiberiti cha gesi. Kaharabu ya kweli ikiungua hunukia msonobari. Hii ilinuka nywele. Nywele, na tope la zamani.

Akacheka, akaitupa mtoni. "Kajifunze kuiba vizuri, bibi."

Mwanamke alifunika kikapu. Alimgeukia Lidia.

"Binti yangu," alinong'ona. "Huyu ni wako?"

Lidia angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi. Lakini nyongo ya miaka tisa ya ndoa ilimpanda kooni.

"Mimi? Simtaki. Ukimtaka, mchukue."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyepewa mkate.

"Nzuri ziko huku chini, bwana," akamwambia Cezary. Akashuka. Cezary akamfuata akitukana utelezi. Ukungu ukawafunika miguu, kiuno, kichwa...

Chubwi.

Kisha kimya.

Lidia alijua anapaswa kuita. Alifungua mdomo. Akaufunga.

Hatua zikapanda ngazi. Cezary alitokea peke yake, mkavu, na kifurushi mkononi.

"Samahani, mpenzi. Nimekusimamisha kwenye baridi."

Samahani! Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake. Na lilipotoka, halikutoka na mvuke. Pumzi ya Lidia ilikuwa nyeupe hewani. Ya mumewe haikuonekana.

Kwenye nyumba ya wageni walikofikia, mwenye nyumba, Bibi Klotylda, aliwaandalia samaki wa heringi na viazi. Cezary alipokwenda kunawa, mama huyo aliona kifurushi.

"Mmenunua wapi?"

"Kwenye zile ngazi karibu na winchi."

Bibi Klotylda aliweka sahani chini polepole. "Zile zilizibwa kwa ukuta nikiwa msichana, mama. Watu walikuwa wanazama." Akasogea karibu. "Walikuwa wakisema wa majini hawaibi. Huchukua walichopewa tu. Na wakati mwingine huacha kingine badala yake."

Cezary aliingia, akamshukuru kwa chakula. Bibi Klotylda alimtazama, akafanya ishara ya msalaba, akatoka bila kufunga mlango.

Walikula. Cezary alimwekea Lidia kipande kikubwa zaidi. Yeye alikula samaki pamoja na miiba, bila kutafuna.

Simu ya Lidia ikalia.

Kwenye kioo liliandikwa jina la Cezary. Cezary alikuwa mbele yake, mikono yote miwili juu ya meza.

Akapokea.

"Lidka, punda wewe, umeniacha wapi?" Sauti ilikuja kwa mbali, ikibubujika. "Kuna giza huku. Kuna mikono... Lidka. Tafadhali."

Na hilo neno pia hakuwahi kulisema.

Lidia aliisikiliza sauti ile ikilia. Alitafuta huruma moyoni, akakuta dharau tu imekaa, baridi, kama mwenye nyumba.

Akakata.

"Nani?" aliuliza yule wa mezani.

"Amekosea namba."

Mwanamume alitabasamu, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Lidia. Kilikuwa na ubaridi wa jiwe lililotolewa mtoni.

"Ahsante kwa kunichagua," alisema kwa upole. "Ila niambie, mke wangu. Siku utakaponichoka mimi... utanigawa kwa nani?"