Upepo wa Kaskazini

Kila asubuhi, kabla zizi halijafunguliwa, mfugaji Batdorj aliuliza swali moja: "Leo tunalisha wapi?" Katika nyika zile za Mongolia, aliyeulizwa swali hilo ndiye aliyeaminiwa. Kwa miaka miwili aliulizwa binti yake Solongo. Vuli hii, Solongo alipotimiza miaka kumi na mitatu, baba akaanza kumuuliza Undral, mdogo wake wa miaka kumi.

"Mlimani kaskazini, baba, huko upepo unakotoka," Undral alijibu asubuhi moja. "Jioni utawasukuma kondoo mgongoni hadi nyumbani."

"Sawasawa," baba alisema. "Ila leo wewe utafuatana nami kwa farasi. Solongo atachunga."

"Mtoto hata meno hajamaliza kuota, kashakuwa mkuu wa malisho!" Solongo alinung'unika.

"Dada, kwa uso huo maziwa yataganda," Undral akacheka.

Kicheko kile kilimchoma. Hema lao lilipotoweka nyuma ya kilima, Solongo aliwageuza kondoo na mbuzi mia mbili kuelekea bonde la kusini, kwenye nyasi ndefu. Wakirudi na matumbo kama ngoma, aliwaza, tuone kesho ataulizwa nani.

Walishiba kweli. Lakini alasiri upepo uliongezeka ukiwa na chembe za theluji, na njia ya nyumbani ilikuwa kuukabili. Mbuzi walipiga hatua chache, wakageuka. Kondoo waliinamisha vichwa, wakaupa upepo mgongo na kuanza kwenda zao kusini. Solongo alikimbia mbele yao, akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Kundi lilimpita kama maji yanavyopita jiwe.

Ndipo aliposikia kwato. Baba na Undral walikuwa wamepitia mlimani wakirudi, wakaukuta mtupu, wakafuata nyayo.

"Usiwarudishe, hawatakubali!" Undral alipaza sauti. "Wasukume ubavuni, kwenye genge lile!"

Watatu hao waliwasukuma kidogo kidogo hadi chini ya genge, pasipofikiwa na upepo. Ulipotulia, wakawarudisha wote salama.

"Upepo uligeuka?" baba aliuliza walipofunga zizi.

Jibu jepesi lilikuwa tayari mdomoni mwa Solongo. Undral alimtazama.

"Haukugeuka, baba. Niliwapeleka bondeni makusudi. Nilitaka uniulize mimi."

Batdorj alikung'uta theluji kwenye kofia yake. "Unajua kwa nini niliacha kukuuliza? Mdogo wako hutoka nje, akasimama, ndipo akajibu. Wewe ulikuwa unanijibu ukiwa bado umejifunika blanketi. Nyasi za jana unazijua, lakini upepo ni wa leo."

Solongo aliinamisha kichwa.

"Na leo kutwa nzima ulikuwa unamtazama Undral moyoni mwako, ingawa hakuwapo. Mifugo mia mbili ilikuwa mbele yako, hukuiona. Mwenye wivu hawezi kuchunga, mwanangu; macho yake yako kwa mwenzake. Kesho toka nje kwanza. Halafu nitakuuliza."