Salamu ya Mkono

Costansia alikuwa anamenya ndizi uani kwake, Kaisho. Kitenge alikifunga kiunoni, na blauzi aliivuta mbele kwa mkono mmoja isimguse mbavu. Hebu jaribu kumenya ndizi kwa mkono mmoja! Lakini afanyeje? Nguo ikimgusa tu upande wa kushoto, anahisi kama kamwagiwa uji wa moto.

Miezi minne nyuma alipata mkanda wa jeshi. Vipele vilimzunguka kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Vilikauka, maumivu yakabaki. Zahanati walimpa vidonge vidogo vya kumeza jioni. Jirani yake Dafroza alipoviona, akashika mdomo.

"Mama weee! Si ndivyo wanavyopewa wenye wazimu? Shemeji yangu alipewa hivihivi."

Costansia alikuwa amevimeza siku nne, na maumivu yalikuwa palepale. Akavitupa migombani. Akajipaka majivu na majani ya kusaga. Ngozi ikababuka, maumivu hayakwenda popote. Zaidi ya mumewe Niyonsenga na huyo Dafroza, hakumwambia mtu. Watu wakisikia mkanda wa jeshi, wanasema huyo ana ukimwi.

Sasa sikia kilichomponza. Kwao, watu wenye asili ya Rwanda, ndugu hawapeani mkono tu. Wanakumbatiana kifua kwa kifua, upande huu, kisha upande ule. Ukimpa ndugu yako mkono mtupu, umemwambia si wako.

Na siku hiyo ya ndizi, nani akaingia uani? Dada yake Uwimbabazi, kutoka Kihanga. Mwaka mzima hawakusemeshana, kisa ng'ombe wa marehemu mama yao. Uwimbabazi alitua kapu la maharage. Akafungua mikono yote miwili.

"Mdogo wangu, yaishe. Nimechoka kununa."

Costansia aliinuka haraka. Moyo ulitaka kumrukia, mwili ukaruka nyuma. Akanyoosha mkono mmoja, kwa mbali, kama anamzuia.

"Karibu, dada."

Uwimbabazi aliutazama ule mkono. "Kumbe bado," akasema taratibu. Hakukaa. Hata maji hakunywa.

"Mkimbilie umwambie unaumwa!" Niyonsenga alisema akitoka ndani.

"Nitamfuata nikipona," Costansia akajibu, machozi yakimtoka.

Hakumfuata. Wiki ya tatu simu ililia. Presha ilimwangusha Uwimbabazi shambani, akafa kabla ya kufika hospitali.

Msibani Kihanga watu walikumbatiana wakilia. Costansia alijibanza ukutani, mkono umekinga mbavu. Nesi Joanitha, jirani wa marehemu, alimwona anavyojikunja kila akikaribiwa. Akamvuta pembeni.

"Pole sana, mama. Uliwahi kupata mkanda wa jeshi?"

Costansia akaangua kilio. Akasema yote: vidonge, majivu, na ule mkono.

"Huo ni ugonjwa kweli, mama. Kirusi cha tetekuwanga hujificha mwilini miaka mingi. Siku kikiamka, kinaumiza mishipa ya fahamu. Ngozi inapona, mishipa inabaki na maumivu. Majivu hayafiki huko."

"Na vile vidonge vya wazimu?"

"Si vya wazimu. Dawa moja inaweza kufanya kazi mbili. Kwa kiasi kidogo inatuliza mishipa. Lakini si kwa siku nne! Ni wiki mbili, tatu, hata zaidi. Mdomo utakauka, usingizi utakuja. Ukizidiwa rudi useme, usiache mwenyewe. Pima na VVU. Si kila mwenye mkanda wa jeshi anavyo, ila ni vizuri ujue. Na mtu mwingine akiona vipele, awahi zahanati ndani ya siku tatu."

"Wiki tatu," Costansia alirudia. "Nisingevitupa, ningemkumbatia dada yangu."

"Labda, mama," Joanitha alisema.

Costansia alirudi zahanati. Alipima, hakukutwa na VVU. Daktari alimuuliza kuhusu moyo na dawa nyingine, kisha akampa vidonge vilevile. Dafroza alipoleta maneno, alimjibu, "Safari hii utanisamehe, mwenzangu. Masikio yameziba." Wiki ya kwanza hakuona nafuu. Ya pili, daktari aliongeza dozi kidogo. Mwezi wa pili alimenya ndizi kwa mikono yote miwili. Maumivu hayakuisha kabisa, lakini nguo aliivaa.

Akaenda Kihanga. Dusabe, binti wa marehemu, alikuwa anafagia uwanja. Akaweka ufagio chini, akanyoosha mkono mmoja, kwa mbali.

"Shikamoo, mama mdogo."

Costansia hakuupokea. Alimvuta kifuani, upande huu, kisha upande ule. Wa kushoto uliuma kidogo. Hakumwachia.

"Sikuwa nimenuna, mwanangu. Nilikuwa naumwa."

Dusabe alilia sana. Kisha akafuta macho.

"Twende ukamwambie mwenyewe," akasema, akamshika mkono hadi migombani, kwenye kaburi.