Fundi na Vidonge vya Kumbukumbu

Fundi cherehani mmoja aliitwa Mama Vifungo. Vipimo vya wateja wake wote aliviweka kichwani, na alijivunia hilo.

Siku moja alikata suruali ya bwana harusi. Alipounganisha vipande, aliona miguu yote miwili ni ya kushoto. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na mwenyewe amesimama mlangoni.

"Mama, sasa hii nitaivaaje?"

Aibu ilimshika fundi hadi masikio yakawaka moto.

Kijana alipoondoka, fundi alifungua kopo la vifungo, akatoa kichupa alichokificha humo, akameza vidonge viwili. Mara wifi yake, muuguzi wa zahanati, akaingia bila hodi.

"Wifi! Siku hizi unakula vifungo?"

Fundi alificha kopo mgongoni kama mtoto. Kisha akaanza kulia.

"Ni vidonge vya ubongo. Nasahau sana, wifi. Muuzaji alisema vina asidi amino, vitanirudishia kumbukumbu. Nimeona haya kusema. Mama yangu alifika mahali akasahau jina langu. Naogopa zamu yangu imefika."

Wifi aliacha utani, akasoma maandishi ya kichupa.

"Asidi amino ni vipande vidogo vinavyojenga protini. Mwili huzipata kwenye maharage, mayai, samaki na maziwa, na wewe unakula vizuri. Hakuna uhakika kwamba vidonge hivi hurudisha kumbukumbu. Vingine hugongana na dawa za hospitali. Usingizi mbaya, huzuni, upungufu wa damu, hata hitilafu ya tezi ya shingoni, vyote husahaulisha. Ukificha, tutajuaje? Twende ukapimwe."

"Wakinicheka je?"

"Tutacheka nao, halafu utapimwa."

Vipimo vilionyesha tezi yake inafanya kazi polepole. Daktari alimpa dawa na kumtaka arudi kupimwa tena. Taratibu uchovu ulipungua, kichwa kikatulia. Vipimo vya wateja sasa aliviandika kwa chaki ukutani, kila mtu avione.

Bwana harusi alikuwa ameoa kwa suruali ya kuazima. Fundi alimshonea nyingine, akaipeleka mwenyewe.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa mgonjwa wa kusahau, nikaona aibu kusema, hadi daktari aliponitibu."

Kijana alimsamehe, akaingia ndani kuijaribu. Baba yake, aliyekuwa akisikiliza, alibaki sebuleni, macho sakafuni.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "daktari huyo yuko wapi? Jana nilipotea njia ya kurudi hapa nyumbani. Sijamwambia mtu."

"Kesho asubuhi nitakupitia, baba," alisema fundi. "Tutakwenda wote."