Mkongojo Nyuma ya Pipa

Kila Jumapili asubuhi Chiriku alifagia ua, akapiga pasi gauni lake la kwaya, kisha akamsogezea baba yake mkongojo. Jina hilo la ndege alipewa na baba kwa sababu ya mdomo usiotulia. Baba alikuwa mwashi hodari, mpaka jukwaa la ujenzi lilipovunjika akakatwa mguu. Sasa mama ndiye aliyelisha nyumba kwa kufua nguo za watu. Lakini kanisani, nyimbo zikikolea, baba alisimama akacheza kwa mguu mmoja, mkongojo ukigonga saruji: ngo! ngo! ngo!

"Chiriku, leo mzee atatutwangia kilo ngapi?" wenzake wa kwaya walimtania.

Alicheka nao, huku akitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumapili moja, mama akiwa ameshatangulia kufagia kanisa, Chiriku aliuficha mkongojo nyuma ya pipa la maji, akaondoka.

Kwaya ilipoanza wimbo wa pili, kitu kilikwaruza mlangoni. Baba! Alikuwa akisukuma kiti cha jikoni: anakisogeza, anakiegemea, anaruka. Suruali ilijaa vumbi na kiwiko kilitoka damu, kwani alianguka njiani. Hata hivyo alikuwa akiimba.

Hakuna aliyecheka. Chiriku aliacha kuimba.

Baada ya ibada alimwendea, macho chini. "Baba, mkongojo niliuficha mimi."

"Najua. Mkongojo hautembei peke yake."

"Niliona aibu, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Hata mimi niliona aibu, mwanangu. Hospitalini niligeukia ukuta, nikamwambia Mungu sina wimbo tena. Mguu haukurudi, ila wimbo ulirudi. Sichezi kwa kuwa siumwi. Nacheza kwa kuwa Mungu hajaniacha. Shida ichukue mguu, isichukue na shukrani. Wewe nawe, usimwonee haya anayemsifu Mungu akiwa na jeraha. Ona haya kwa kumwongezea jeraha. Haya, nipe bega twende nyumbani."

Mama akabeba kiti. Chiriku akampa baba bega, wakapita katikati ya wanakwaya.

"Shikamoo, mzee," walisema kwa sauti ndogo. Mmoja akamnong'oneza Chiriku, "Kwa hiyo leo hakutwanga?"

Chiriku aliinua uso. "Atatwanga Jumapili ijayo," alisema, wote wakasikia. "Na mimi nitasimama naye nipepete."