Mtambo wa Kwii

Kila alipotoka shule, Kidundo alivua viatu mlangoni mwa duka la shangazi yake, akafagia vipande vya vitambaa, kisha akaketi nyuma ya kabati na kompyuta kuukuu iliyowaka siku ilipojisikia. Shangazi alikuwa fundi cherehani. Kidundo, kwa maoni yake mwenyewe, alikuwa fundi wa muziki wa dansi, ule wa kompyuta usiohitaji mwimbaji wala gitaa.

Cherehani ya shangazi ilikuwa na skrubu iliyolegea. Gurudumu likizunguka, ililia: taka-taka-kwii! Wateja waliziba masikio, lakini Kidundo aliirekodi, akaikatakata na kuitilia ngoma nzito chini yake. Siku alipoupiga mdundo huo dukani, shangazi alitikisa mabega bila kujijua.

Rafiki yake Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki, aliutuma mdundo huo kwa dada yake aliyesoma ng'ambo. Dada akaupiga kwenye dansi ya wanafunzi. Mgeni mmoja akauchukua akaenda nao kwao, nchi jirani na hiyo ya ng'ambo. Kufumba na kufumbua, watu ambao Kidundo alizijua nchi zao kwa ramani tu walikuwa wakitoka jasho kwa kelele za dukani.

Ndipo akapiga simu mtangazaji wa idhaa moja ya televisheni ya huko, mwenye Kiswahili chake safi, aliyepewa namba na dada yake Redio.

"Hiyo kwii umeitoa wapi, binti?"

Kidundo aliona aibu. "Aa... ni mtambo wa kisasa. Nimeuunda mwenyewe."

"Hongera! Basi Jumamosi utuoneshe kwa video ukifanya kazi, tuko hewani. Tukiridhika, muziki wako utafungua tamasha letu."

Redio alimkodolea macho. "Mtambo gani? Si cherehani ya shangazi?"

"Nyamaza! Nani atacheza muziki wa cherehani?"

"Si wameshaucheza!"

Kidundo hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alimwambia shangazi kwamba Jumamosi wageni wangelitazama duka kwenye simu, basi. Siku ilipofika akaifunika cherehani kwa boksi lililobandikwa karatasi za kung'aa na vitufe vya kikokotoo kibovu.

Simu ikaita. Kidundo akatabasamu, akakanyaga. Gurudumu likazunguka kimya kabisa. Akakanyaga kwa nguvu zote. Kimya.

Redio, aliyejibanza nyuma ya kabati, akaona amwokoe rafiki yake. "Kwiii!" akapiga kwa mdomo. "Kwiii! Kwi... chaa!" Vumbi la vitambaa lilikuwa limemwingia puani.

"Mtambo wako una mafua?" akauliza mtangazaji.

Kidundo akashtuka, akaligonga boksi, likaanguka. Cherehani ikabaki uchi mbele ya nchi nzima, na shangazi akatokea kwenye pazia, kilemba kipya kichwani.

"Inakwenda vizuri, eeh? Nimeikaza skrubu na kuitia mafuta. Wageni wasije wakasikia ile aibu!"

Machozi yakamlengalenga Kidundo. "Nisameheni," alisema. "Hakuna mtambo. Kwii ni cherehani ya shangazi, na wala sikumwambia."

Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. "Binti, mitambo tunayo tele, imetuchosha! Tuliupenda muziki wako kwa sababu haukufanana na wetu."

Shangazi alimtazama, akaitazama simu, akachukua bisibisi. Akailegeza skrubu kidogo, akaketi, akakanyaga mwenyewe. Taka-taka-kwii! Upande wa pili wa simu watu walipiga vigelegele, na tamasha likapata mdundo wake wa kufungulia.

Simu ilipokatika, shangazi alimvuta Kidundo karibu.

"Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi, umeiona mwisho wake leo. Walikupenda kwa chako, wewe ukakificha. Kinachokulisha usikionee haya."

"Nimesikia, shangazi."

"Vizuri. Sasa fagia. Na wewe Redio, toka huko, nenda kapenge kamasi!"