Mtungi wa Shangazi

Kifuniko cha mtungi kilijisogeza saa sita mchana, vyerehani vyote vikiwa vimenyamaza kwa ajili ya chakula. Krrr. Kikatulia. Bi Harusi, aliyekuwa peke yake karakanani akishona matundu ya vifungo, aliinua kichwa. Hapakuwa na paka wala upepo. Kisha akasikia mtu anakunywa maji, glu, glu, glu, taratibu, bila haraka yoyote. Na pale kwenye mtungi hapakuwa na mtu.

Kesho yake mpiga pasi akashikwa na homa.

Niwaambie mapema kwamba hadithi hii inaniudhi, na nikifika pabaya nitapandisha sauti. Mnivumilie.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, vyerehani sita, kazi yao sare za shule. Mwenyewe ni Fundi, mume wa Bi Harusi. Jina hilo la Bi Harusi lilimganda tu, maana alikuwa na miaka mitano kwenye ndoa na mtoto wa miaka mitatu, Kifungo, aliyepewa jina siku alipomeza kifungo cha sare na kikatoka salama upande wa pili. Mwanzoni mwa mwaka ule aliingia nyumbani Shangazi yake Fundi, yule aliyemlea baada ya wazazi wake kufa. Mwanamke mcheshi, mchapakazi, hajaumwa hata mafua. Alikuja na mtungi wake. Kila asubuhi aliujaza maji ya bomba, akakunja mkono wa gauni, akatumbukiza mkono mtupu hadi kwenye kiwiko na kuyakoroga. Alisema maji hayapoi vizuri mpaka yaguswe na mtu anayewapenda wanaoyanywa.

Watu walicheka, wakanywa. Wote isipokuwa fundi mmoja mzee aliyekuja kazini na chupa yake kutoka nyumbani. Wakambandika jina la Mringo.

Mpiga pasi alikufa siku ya kumi na tisa. Kifuniko kikalia tena, krrr, na wiki ile ile msichana wa kubandika beji akaanza kuona chumba kinazunguka. Naye akafa. Harufu ikaingia kwenye vitambaa, harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo, na wateja wakaanza kunusa sare kabla ya kuzipokea.

Mchana mmoja Bi Harusi akajipa moyo. Alisimama mbele ya mtungi, akasikia glu, glu ndani ya udongo wenyewe, akasema moyoni ni masikio yangu tu, akashika kifuniko kilichokuwa na joto la kiganja cha mtu, akakiinua kidogo, kisha zaidi, akainama, na kwenye maji akaona uso unaomtazama, si wake, uso wa Shangazi, midomo imelowa, unatabasamu tabasamu lile lile la kumkaribisha mgeni, na wakati huo huo huko uani akamsikia Shangazi mwenyewe akiimba huku akianika nguo.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Shangazi ndiye aliyekwenda kwa mganga. Alirudi na jibu mbele ya mafundi wote. "Amesema kuna jini humu ndani. Limeingia na mwanamke. Mwanamke aliyekuja kutoka nje ya nyumba hii." Kisha akamtazama Bi Harusi kwa huruma, akafuta machozi.

Hapa ndipo ninapopandisha sauti. Watu wazima tisa, wenye akili zao, wote wakageuza shingo kumwangalia mke wa miaka mitano! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni mwanamke gani aliyeingia mwisho. Mganga alisema kweli tupu, na kweli yake wakaitumia kumchapa asiye na kosa. Fundi, mume mzima, alitazama viatu vyake.

"Ijumaa urudi kwenu," alisema hatimaye. "Mtoto abaki. Ni wa kwetu."

"Abaki anywe maji gani, baba Kifungo?"

"Maji tunayokunywa wote."

Na Kifungo alikuwa ameshaanza kuchemka mwili tangu asubuhi.

Bi Harusi alimfuata Mringo kwenye cherehani chake. "Mzee wangu, hebu niambie," alinong'ona. "Jini hili mbona wewe halikugusi?"

"Linigusie wapi?" Mringo alijibu bila kuacha kukanyaga pedali. "Mimi tumbo langu bovu tangu ujana, nachemsha maji yangu nyumbani. Ninyi mnaicheka chupa yangu."

Bi Harusi alimbeba mtoto mgongoni, akaenda zahanati. Mpimaji wa pale watu walimwita Bi Hadubini, kwa jinsi alivyokuwa akizungumza na mtu huku jicho moja limebaki kwenye hadubini yake. Bi Harusi alimweleza yote, mpaka uso kwenye maji. Akatarajia kuchekwa. Bi Hadubini hakucheka. Alimchukua mtoto damu, akaandika majina ya waliougua, waliokufa, na wasioguswa.

"Zamani watu walisema homa hii inaletwa na harufu mbaya," alisema. "Waliokataa kuamini hivyo wakajipa sharti. Mdudu umkute kwa mgonjwa, umwoteshe peke yake kwenye kisahani, uone ndiye yule yule. Hapo ndipo unamtaja. Mtu hatajwi kwa kutazamwa usoni. Niletee choo cha kila mtu wa nyumba hiyo."

"Hata wazima?"

"Hasa wazima. Kuna anayembeba mdudu miaka na miaka ndani ya nyongo, hamdhuru hata kidogo. Wanaokula na kunywa mikononi mwake ndio wanaokufa. Hebu, wazazi wa mume wako walikufa kwa ugonjwa gani?"

Bi Harusi alikaa chini. "Homa. Shangazi alikuwa amekuja kuwasaidia."

Bi Harusi akakusanya choo cha wote, hata cha Shangazi aliyejiona mzima, akakipeleka; na Alhamisi Bi Hadubini alikuja mwenyewe karakanani. Vyerehani vikasimama. Watu wote kumi na mmoja safi, alisema, isipokuwa wawili. Kwa Kifungo mdudu wa homa ya matumbo yumo kwenye damu, na dawa ameshaanza. Kwa Shangazi yumo pia, ingawa mwenyewe ni mzima wa afya, na ni mdudu yule yule.

"Mimi?" Shangazi aliinuka. "Mimi niliyewalea? Niliyewafulia nepi?"

"Ni wewe, mama. Hukukusudia. Lakini ni wewe, na dawa ipo."

Bi Harusi alinyanyua pasi ya mkaa, ile ya marehemu mpiga pasi, akaupiga mtungi kwa nguvu zake zote. Maji yalimwagika hadi mlangoni. Ndani yake kitu kilimeza mara moja, glu, kikanyamaza. Harufu ikakatika pale pale.

"Nilitakiwa kuondoka kesho," alimwambia mumewe. "Nimwache mwanangu kwenye mtungi huu. Ndivyo ulivyotaka, sivyo? Sema, wanakusikia!"

Mpaka leo hajasema, na mimi sijamsamehe.

Shangazi alimeza vidonge mbele yao, asubuhi na jioni, siku ishirini na nane, anafumba macho, anashushia na maji ya kuchemsha. Kifungo akapona, akaanza tena kuiba vifungo. Siku Shangazi alipomaliza dawa alifunga mizigo, akasema anakwenda kwa binti yake mwenye mimba ya miezi saba, anayehitaji mkono wa kumsaidia. Aliagana na kila mtu kwa machozi. Kwa Kifungo aliacha blanketi alilolishona mwenyewe, lenye pindo pana.

Wiki mbili baadaye Bi Harusi alikuwa akilikunja, akahisi pindo lina vijiwe. Akafumua uzi. Kikatoka kidonge. Akafumua tena, vikatoka viwili, vitano, kila kimoja kimeshonewa kijumba chake kwa mishono midogo ya mtu anayeijua kazi. Vilikuwa hamsini na sita. Shangazi hakuwa amemeza hata kimoja.

Alipiga simu papo hapo.

"Wifi!" Binti wa Shangazi alikuwa na furaha. "Nilitaka kukupigia. Mama kanifikia salama, kaninunulia na mtungi mpya. Huku joto, basi maji yake matamu, sijui anayafanyaje!"

"Wifi, nisikilize. Umwage. Usinywe!"

"Subiri, sikusikii vizuri, kifuniko hiki kina kelele. Ngoja ninywe kwanza."

Krrr, ilisema simu. Kisha Bi Harusi akasikia watu wawili wakinywa.