Nusu Inchi Nje ya Madigadi

Adhuhuri ya Jumamosi duka la rimu lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Mashine ya upepo ilinguruma, nyundo za mpira zikagonga, na wateja watatu walikuwa wakibishana nani katangulia. Katikati ya ghasia hiyo alisimama dada mmoja mwenye ovaroli ya kijivu, kilemba cha njano kilichofungwa harakaharaka, na hereni ndogo za dhahabu ambazo hakuzivua hata akiwa chini ya gari. Duka lilikuwa la kaka yake mkubwa, lakini wateja walimuulizia yeye. Ulimi wake ulikuwa mkali, jicho lake kali zaidi, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

Ndipo akaingia mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooshwa likanyooka, kakumbatia rimu iliyopasuka kama mtoto mgonjwa bila kujali kwamba shati linachafuka. Alikuwa fundi miwani. Alizunguka peke yake na gari lake kwenye zahanati za nje ya mji akiwapima watu macho, na shimo moja la barabarani lilikuwa limemkata miguu. Rimu ya kufanana na ile haikupatikana tena, kwa hiyo alitaka seti nzima mpya, na hakuhitaji ushauri. Alikwisha kuichagua: ile nyeusi pale ukutani, pana, yenye spoku nyembamba.

"Hiyo haikufai, kaka," dada akasema.

"Hainifai wakati hata hatujafahamiana?"

Wateja wakacheka. Dada hakucheka, ila alisahau mteja aliyekuwa akimhudumia. Aliigeuza ile rimu akamwonyesha mgongoni, palipochongwa herufi E na T na namba mbele yake, kisha akamweleza. Chukua upana wa rimu, upitishe mstari katikati. Sasa tazama lile bamba linalobana kwenye gari kwa nati, liko umbali gani na huo mstari. Umbali huo, kwa milimita, ndiyo namba ya ET. Namba ikizidi, gurudumu linaingia ndani na kusugua shokapu. Ikipungua, gurudumu linachomoza nje, linakula madigadi yaliyo juu yake na kuichosha beringi. Gari lake lilitoka kiwandani na arobaini na tano, na ile aliyoipenda ilikuwa ishirini.

"Kwa hiyo itatokeza milimita ishirini na tano," fundi miwani akasema taratibu. "Dada, mimi mchana kutwa nahangaika na milimita kwenye macho ya watu. Sikujua kuna mtu mwingine mjini anayezipenda hivyo."

Tangu siku hiyo akamwita Milimita. Na yeye, kwa kulipiza, akamwita Kioo.

Dada akamtafutia rimu nyingine, nyeusi vilevile, pana kidogo kuliko zake za zamani kama alivyotaka. Siku ya kuzifunga, Kioo alikaa juu ya tairi kuukuu akimsimulia habari za babu mmoja aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza, akamtazama mkewe wa miaka yote na kumwuliza ni nani. Dada alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Alihesabu matundu ya nati, akapima tundu la katikati, akasoma namba ya ET mgongoni: arobaini na tano, sawasawa na za zamani. Akaona mambo yamekwisha, akakaza nati huku bado anacheka.

Mapenzi yao yalikuja kwa njia ya simu zaidi. Fundi miwani akiwa kwenye zahanati zake za mbali, alimpigia kila alipopata mtandao, wakati mwingine juu ya kichuguu, akipiga kelele kana kwamba umbali ule ulihitaji sauti.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Basi utakonda, maana naikata. Kuna mteja."

Lakini hakuikata. Kaka yake alipomkuta amesimama nyuma ya rafu za tairi, simu sikioni, tabasamu hadi kwenye masikio, alitikisa kichwa akaenda kumhudumia huyo mteja mwenyewe. Jumamosi Kioo aliporudi mjini, dada alivua ovaroli mapema, akavaa gauni la bluu lililomkaa vizuri kiunoni, wakaenda kutembea na kubishana mambo yasiyo na maana. Kioo alimwambia hajaoa, hana mtoto, hana mtu. Dada alimwamini. Tuseme, alijitahidi kumwamini.

Maana kulikuwa na jambo nyumbani kwao. Baba yao alikuwa dereva, na kwa miaka alimwapia mama yao kwamba hana mwingine, hadi siku mama alipofagia gari akatoa kiatu cha mtoto chini ya kiti, kiatu ambacho hakikuwa cha mtoto wake yeyote. Binti alikuwa amesimama mlangoni akishuhudia. Mama hakulia siku ile. Alimwambia tu bintiye kwamba mwanamume atasema anachotaka, gari ndilo litakalokuambia alikokwenda. Binti akakua na neno hilo, akalifanya kazi, na kwa kweli lilimfaa sana kazini.

Siku moja fundi miwani alifika dukani bila kutegemewa. Alikuwa kavaa koti jipya, kanyoa vizuri, ananukia. Alimwomba Milimita afunge kazi mapema, kuna mahali anampeleka, lakini hasemi ni wapi. Na kabla hawajaondoka, tafadhali aliangalie gari kidogo, siku hizi linakwaruza nyuma akipita kwenye matuta.

Dada akachukua tochi akainama. Ndani ya madigadi ya kushoto ukingo ulikuwa umesuguliwa hadi ukang'aa, na bega la tairi limenyolewa. Akazunguka kulia. Vilevile. Alibaki amechuchumaa pale akifanya hesabu kichwani. Namba ni ileile ya kiwandani. Gari tupu haliwezi kugusa. Ili tairi ifike pale, lazima nyuma pakae watu, na si mara moja.

"Nyuma unabeba nani?" akauliza bila kuinuka.

"Nyuma? Sibebi mtu. Sanduku langu la vioo linakaa mbele, unalijua."

"Nimekuuliza unambeba nani."

Kioo akacheka, akidhani ni utani wao. Kicheko hicho kikammaliza dada. Akasimama, tochi mkononi bado inawaka, akamwambia yote kwa mkupuo, mbele ya kaka yake na mbele ya wateja: kwamba rimu zile amezifunga kwa mikono yake, kwamba anajua gari lile likiwa na mtu mmoja linakaa vipi na likiwa na familia linakaa vipi, na kwamba huko kwenye zahanati zake kuna mwanamke na watoto wanaopanda kiti cha nyuma. Aende akawapeleke wao huko anakotaka kwenda.

"Milimita, nisikilize. Naapa sina..."

"Usiape. Gari limeshasema."

Fundi miwani alimtazama kwa muda mrefu, uso umemshuka. Kisha akaingia garini, akaondoka polepole, na lilipopita kwenye tuta la mlangoni, lilikwaruza, na dada akaona huo ndio ushahidi wa mwisho. Hakukumbuka kuangalia kwamba kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Simu zikaanza. Asubuhi, mchana, jioni. Hakupokea. Kioo akatuma ujumbe, haukusomwa. Mama yao alimkumbatia dada akamwambia amefanya vizuri, afadhali yeye amejua mapema. Kaka yake peke yake ndiye aliyesema, tena akiwa ameangalia pembeni, kwamba angemsikiliza hata kidogo. Dada akamjibu vibaya. Usiku hakulala, mchana alifanya kazi ya watu wawili, na kila simu yake ilipoita roho ilimruka, na kila alipoona ni yule, aliigeuza kifudifudi. Halafu simu zikapungua. Halafu zikaisha, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, chooni, maji ya bomba yakiwa wazi ili kaka asimsikie.

Msimu ukapita, na mwingine. Mchana mmoja wa joto gari lile likaingia dukani. Dada alilitambua kabla halijasimama, akaweka chini alichokishika. Aliyeshuka alikuwa mama wa makamo, muuguzi mstaafu, mnene kidogo, mcheshi, kavaa raba nyeupe. Alisema amelinunua gari kwa fundi miwani mmoja, kijana mwenye adabu sana, aliyehamia mji mwingine. Gari zuri, hana malalamiko, ila jambo moja tu linamkera.

"Linakwaruza nyuma, mwanangu. Kila tuta, kwaruu. Na mimi nakaa peke yangu, natembea peke yangu. Hata mfuko wa sokoni nauweka hapa mbele."

Dada akachukua jeki, akalifungua gurudumu la nyuma, akaligeuza. Arobaini na tano, kama alivyoisoma mara ya kwanza. Kisha kidole chake kikashuka hadi kwenye namba nyingine iliyochongwa kando yake, ile ya upana, ambayo siku ile hakuisoma kwa sababu alikuwa anacheka. Inchi saba na nusu. Rimu za zamani zilikuwa sita na nusu.

Mtu wa kazi yake anajua jambo hili usingizini. Ukiongeza upana inchi moja na ET ukaiacha ilivyo, nusu inchi inakwenda ndani na nusu inchi inakwenda nje. Namba ni ileile, lakini gurudumu limesogea milimita kumi na mbili na ushei kuelekea kwenye madigadi. Mwanzoni tairi mpya zilikuwa ngumu na springi bado zina nguvu. Miezi ya barabara mbovu ilitosha kulishusha gari kidogo, na tairi ikaanza kufika. Hakuna aliyepanda nyuma. Hakukuwa na mwanamke, wala watoto. Kulikuwa na yeye, na spana yake, na kicheko chake.

Kaka yake alikuja akasimama juu yake, akaitazama namba, akamtazama yeye. Alikwenda rafuni akaanza kuteremsha seti nyembamba zinazolifaa gari lile, na kumwacha dada atoke nje na simu.

Iliita muda mrefu.

"Haloo," sauti ya Kioo ikasema, na dada akasahau kila alichopanga.

"Ni mimi."

"Najua. Sijakufuta."

Akamweleza. Upana, nusu inchi, yote. Alieleza vibaya, akijirudia. Kioo hakumkatiza. Alimwacha amalize.

"Kwa hiyo ilikuwa rimu," akasema.

"Ilikuwa mimi. Nisamehe, mpenzi. Nisamehe. Niambie uko wapi nije, nije hata leo."

"Unajua siku ile nilikuwa nakupeleka wapi? Kwa mama. Alivaa nguo yake nzuri, akakaa sebuleni akisubiri. Nikarudi peke yangu. Nikamwambia umepatwa na kazi. Alikaa na ile nguo mpaka jioni, akisema huenda utachelewa tu."

Dada alijiegemeza ukutani. Ukuta ulikuwa na joto la jua.

"Nilikuletea gari mwenyewe, Milimita. Mtu mwenye siri angelipeleka kwa fundi mwingine. Hilo hukulifikiri?"

"Sikulifikiri."

"Nimekusamehe zamani, hata kabla sijajua ni nini. Nakupenda mpaka sasa, sitakudanganya. Lakini kuna kitu kimoja nataka kukuuliza, unijibu kweli."

"Niulize."

"Ulipoinama pale ukaona ile mikwaruzo. Ulipoona umenikamata. Moyoni ulijisikiaje?"

Angeweza kusema aliumia, na ingekuwa kweli. Ila haikuwa kweli yote, na alijua anaulizwa ile iliyobaki. Alifunga macho akajiona amechuchumaa na tochi, na mle ndani ya maumivu, kitu kingine kilichokuwa kimetua na kukaa vizuri, kitu alichokisubiri tangu siku ya kwanza.

"Nilipumua," akasema. "Niliona afadhali siku yenyewe imekuja, niache kuingoja."

Upande wa pili akasikia kiti kikivutwa, Kioo akikaa.

"Asante kwa kuniambia," Kioo akasema, na sauti yake ilikuwa laini, bila hasira hata chembe. "Ndicho nilichokiogopa. Ungekuja, ningefurahi, tungecheka. Halafu siku nitakayochelewa kurudi nitakukuta umeinama nyuma ya gari. Sitaweza. Nitakuwa naishi na mtu anayengoja nikosee ili apumzike."

"Nitabadilika."

"Badilika. Lakini usijifunzie kwangu."

Hakumkatia simu. Alisubiri dada ndiye aage kwanza, adabu ileile aliyoisifia muuguzi, na ikachukua muda mrefu kabla dada hajaweza. Waliagana kwa neno moja tu kila mmoja.

Aliporudi ndani, kaka yake alikuwa amemaliza kufunga zile rimu nyembamba. Muuguzi mstaafu alilizungusha gari nje, akalipitisha kwenye tuta mara mbili makusudi, akarudi anang'aa kwa furaha. Kimya kabisa, alisema, halikwaruzi hata kidogo. Kisha akashusha kioo na kuuliza, kwa uchungu wa mtu aliyesumbuliwa muda mrefu, ni fundi gani asiye na akili aliyekuwa amezifunga zile za kwanza.

Kaka yake akafungua mdomo ili ajibu jambo la kumstiri. Dada akamtangulia.

"Ni mimi, mama," akasema.

Muuguzi akamtazama, akaona macho yake, akaacha kulalamika. Alishuka tena garini bila kuzima injini, akamkumbatia pale katikati ya duka, na ovaroli yenye grisi ikaichafua blauzi yake, na wateja wakageuka kutazama.